Krimu ya Steroidi: Dawa ya Ngozi, Siyo Mafuta ya Kujipaka

Ingia bweni lolote jioni, wakati watu wanatoka kuoga. Si ajabu ukaona tyubu moja ndogo ikitembea kitanda kwa kitanda. Wa kwanza anapaka nyuma ya magoti, maana pumu ya ngozi imemrudia. Wa pili anapaka chunusi. Wa tatu ana duara linalowasha shingoni, labda ni mashilingi, naye anaomba "kidogo tu, mwenzangu." Wa nne haumwi kitu. Amesikia kwamba krimu hiyo inatakatisha, basi anapaka uso mzima kila usiku kabla ya kulala.

Watu wanne, dawa moja. Aliye sahihi ni yule wa kwanza peke yake, na hata yeye inategemea anapaka krimu ipi na kwa siku ngapi.

Tyubu hiyo ni krimu ya steroidi. Vijana wengi tunakosea mara mbili kuhusu dawa hii. Kosa la kwanza linajulikana: kuifanya kipodozi. Kosa la pili halisemwi sana. Mwenye ugonjwa wa kweli anaogopa kuitumia kwa sababu ameambiwa, "Wee, hiyo si ndiyo ya mkorogo? Itakuharibu!" Basi anajikuna usiku kucha, shuka linakuwa na matone ya damu, asubuhi anasinzia darasani, na wenzake wanakaa naye mbali wakidhani ataambukiza. Ukiwa ni wewe, makala hii inakuhusu sawasawa na yule mwenzako wa kitanda cha nne.

Hizi steroidi ni nini hasa?

Kwanza ondoa wasiwasi mmoja: hizi si zile wanazochoma sindano baadhi ya wanyanyua vyuma ili watune misuli. Jina ni la ukoo mmoja, kazi ni tofauti kabisa.

Steroidi tunazozungumzia zinafanana na homoni ambayo mwili wako unatengeneza wenyewe kila siku, inayoitwa kotisoli. Inatoka kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, na moja ya kazi zake ni kutuliza mwili usiwake kupita kiasi. Wataalamu watatu waliochunguza homoni za tezi hizo, Edward Kendall, Philip Hench na Tadeus Reichstein, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1950. Miaka miwili baadaye, 1952, madaktari wa ngozi Marion Sulzberger na Victor Witten wa Marekani waliandika kwamba dawa ya aina hii ikipakwa juu ya ngozi inawapa nafuu wagonjwa wa ukurutu. Kabla ya hapo mgonjwa wa ngozi alikuwa anapakwa lami ya makaa, iliyonuka na kuchafua nguo. Kwa hiyo tusiitukane dawa hii. Imewapa usingizi watu wengi sana.

Inafanyaje kazi? Mwili wako una askari wake wa kupambana na vijidudu. Kwa mtu mwenye pumu ya ngozi, ambayo ndiyo hiyo hiyo ukurutu, askari hao wanashtuka ovyo. Jasho, sabuni kali, vumbi au sweta la sufu vinatosha kuwaamsha, nao wanaanza vita mahali ambapo hakuna adui. Ngozi inavimba, inawasha, inapasuka, inatoa majimaji. Steroidi inawaambia askari watulie. Basi. Haiui kidudu chochote, haisafishi ngozi, na haiondoi pumu ya ngozi moja kwa moja. Inazima moto uliowaka leo. Kesho kutwa unaweza kuwaka mwingine.

Hapa niseme jambo ambalo vitabu vingi vya kigeni vinatupotosha. Vinasema ngozi yenye ukurutu huwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Utaona sehemu imekuwa nyeusi zaidi, au ya zambarau, au ya kijivu kama majivu, na ukiigusa ni ya moto na imekauka kama gome. Angalia mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti, shingo na vifundo vya mikono. Kama kwenu kuna mwenye pumu ya kifua au mafua ya mzio, uwezekano unaongezeka, kwa sababu magonjwa haya hutembea pamoja katika ukoo. Na hauambukizi. Unaweza kulala kitanda kimoja na mgonjwa, ukavaa shati lake, usipate.

Usidanganywe na asilimia

Sasa tuje kwenye tyubu yenyewe. Hapa ndipo watu wengi wanaingia mkenge, hata baadhi ya wauzaji.

Krimu za steroidi zina nguvu za ngazi nne: hafifu, za wastani, kali, na kali sana. Haidrokotisoni ya asilimia 1 ni hafifu. Betamethasoni ya asilimia 0.1 kwa kawaida ni kali. Klobetasoli ya asilimia 0.05 ni kali sana, iko kileleni. Umeona ujanja ulipo? Ukisoma namba tu utadhani ile ya 0.05 ndiyo ya watoto na ile ya 1 ndiyo ya wakubwa. Kumbe ni kinyume. Namba inakuambia dawa iko kiasi gani ndani ya krimu, haikuambii dawa hiyo ina makali gani. Gramu moja ya pilipili kichaa na gramu moja ya pilipili hoho si kitu kimoja.

Kwa hiyo soma jina la dawa, siyo jina la biashara lililoandikwa kwa herufi kubwa zenye kung'aa. Jina la dawa huwa chini yake, kwa maandishi madogo. Kwa kuwa makasha mengi yameandikwa kwa Kiingereza, utayaona hivi: hydrocortisone, betamethasone, clobetasol. Ukikuta maneno ya kuremba ngozi tu na hakuna jina la dawa wala orodha ya vilivyomo, rudisha. Na ukikuta kwenye tyubu moja kuna steroidi, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria, usifikiri umepata dili la tatu kwa bei ya moja. Mchanganyiko wa namna hii una matumizi yake machache kwa uamuzi wa daktari. Kwa mtu anayebahatisha, steroidi kali inaficha ugonjwa huku zile nyingine zikijaribu kuutibu.

Ngozi ya uso si ngozi ya mguu

Mwaka 1967 watafiti wawili wa Marekani, Feldmann na Maibach, walipima dawa hii inapenya kiasi gani sehemu mbalimbali za mwili. Walichukua mkono, kati ya kiwiko na kiganja, kama kipimo cha kulinganishia. Kwenye paji la uso dawa ilipenya mara 6 zaidi. Kwenye taya, mara 13. Na wavulana, msicheke: kwenye mfuko wa korodani ilipenya mara 42. Chini ya unyayo, kidogo mno.

Maana yake nini? Krimu ambayo daktari amekupa kwa ajili ya kiwiko, ukiihamishia usoni umeongeza dozi bila kujua. Kope ni nyembamba zaidi, na dawa ikizoea kuingia machoni inaweza kupandisha shinikizo la jicho au kuleta mtoto wa jicho. Makwapa na kinena vina mikunjo inayobana joto na unyevu, nako dawa inazama sana. Mvulana anayewashwa kinenani na kupaka klobetasoli aliyoazima anaweza kupata michirizi mapajani ambayo haitafutika. Na mara nyingi kilichokuwa kinamwasha ni fangasi, kwa hiyo hata hakupona.

Ndiyo sababu usoni, kama daktari ameona inafaa, hutumika ile hafifu kwa siku chache tu. Zile kali ni za mikono, miguu na mwili, kwa wiki moja au mbili, kisha unaangaliwa tena. Ile kali sana, klobetasoli, haitumiki zaidi ya wiki mbili mfululizo bila daktari kukufuatilia, wala haipaswi kuzidi gramu 50 kwa wiki hata kwa mtu mzima. Watoto wachanga ni habari nyingine kabisa. Ngozi yao ni laini na miili yao ni midogo, hivyo dawa kidogo inakuwa nyingi. Usimpake mdogo wako dawa yako.

Upake kiasi gani?

"Paka kidogo" ni ushauri mbaya. Kidogo cha nani? Mwoga atapaka kama chumvi ya kuonja na ngozi haitatulia, kisha atasema dawa haifai na kutafuta iliyo kali zaidi. Mwenye pupa atajipaka kama anapaka chapati mafuta.

Kipimo kipo mkononi mwako. Kamua krimu juu ya kidole cha shahada cha mtu mzima, kuanzia nchani hadi kwenye mkunjo wa kwanza. Mstari huo mmoja ni kama nusu gramu, na unatosha eneo la ukubwa wa viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Kipimo hiki kilipendekezwa na Long na Finlay, madaktari wa Uingereza, mwaka 1991, na mpaka leo kinatumika. Mkono mzima kutoka begani, bila kiganja, unahitaji mistari kama mitatu, na mguu kama sita. Ukurutu wa nyuma ya goti moja, ukiwa na ukubwa wa kiganja, unahitaji nusu ya mstari. Umeona si nyingi?

Nawa mikono, paka sehemu inayoumwa tu, taratibu kwa kufuata mlalo wa vinyweleo, mara moja au mbili kwa siku kama ulivyoambiwa, kisha nawa tena isipokuwa kama mikono ndiyo inayotibiwa. Mara tatu au nne kwa siku hakuongezi uponyaji. Usifunge kwa nailoni. Kufunga kunaifanya dawa izame zaidi, na hiyo ni kazi ya hospitali. Ngozi ikitulia, ikawa laini na haiwashi, acha. Doa jeusi au jeupe lililobaki si ugonjwa, ni kovu la rangi baada ya moto kuzimika, na linaweza kuchukua wiki au miezi kurudi sawa. Usiendelee kupaka steroidi ili kufuta doa. Wengi wanaanza hivi hivi kuizoea.

Katikati ya mashambulizi, kazi kubwa inafanywa na kitu cha bei rahisi: mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Yapake mara mbili au zaidi kwa siku, hasa mara tu unapotoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Siku unazotumia steroidi, acha nafasi ya kama nusu saa kati ya vitu hivyo viwili, dawa isije ikachujuliwa na kusambazwa kusikotakiwa. Oga maji ya uvuguvugu au ya baridi, sabuni kidogo isiyo na harufu kali. Kata kucha. Sweta la shule likikuchoma shingoni, vaa shati la pamba lenye kola chini yake.

Angalizo moja ambalo halisemwi sana. Mafuta haya yanapogandamana kwenye shuka na nguo, kitambaa kinashika moto upesi mno. Kama mnasomea kwa koroboi au mshumaa, au unapikia kuni nyumbani, kaa mbali na mwali na fua nguo zako mara kwa mara. Kufua kunapunguza, hakuondoi mafuta yote.

Magonjwa yasiyotaka steroidi

Turudi kwa yule wa kitanda cha tatu, mwenye duara shingoni. Mashilingi ni fangasi. Ukipaka steroidi, muwasho unapungua kwa siku mbili tatu, na mgonjwa anashangilia. Kumbe askari wa mwili wamelazwa usingizi na fangasi wanasherehekea. Duara linapoteza mpaka wake, linatambaa, linabadilika sura mpaka hata mganga akiliona halitambui. Akiacha krimu linarudi kwa kishindo, naye anaikimbilia tena. Dawa yake ni ya fangasi, tena itumike mpaka mwisho.

Upele ule unaowasha zaidi usiku, kati ya vidole, kiunoni na sehemu za siri, unaletwa na vidudu vidogo vinavyochimba ndani ya ngozi. Steroidi inatuliza muwasho huku vidudu vikizaana, na wewe unaendelea kuwagawia wenzako bweni zima. Upele unatibiwa kwa wote mnaolala pamoja, siku moja.

Chunusi nazo, za yule wa kitanda cha pili: krimu hii inaweza kuziongeza, na kuleta vipele vidogo kuzunguka mdomo. Hali kadhalika usipake juu ya jipu, kidonda kilichooza au malengelenge.

Habari ya mkorogo

Tumwendee sasa mwenzetu wa nne, na tuache kumcheka. Hakujitungia mwenyewe wazo kwamba weupe ndio uzuri. Ameliona kwenye matangazo, ameambiwa na shangazi, ameona nani anaitwa mrembo. Lakini anachopaka tuseme wazi kilivyo.

Mkorogo mara nyingi ni mchanganyiko wa steroidi kali kama klobetasoli pamoja na haidrokwinoni, na mwingine una zebaki, ambayo ni sumu ya figo na neva. Mwanzoni uso unang'aa kweli. Steroidi inabana mishipa ya damu na kupunguza rangi. Baada ya miezi ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya sigara. Mishipa inaonekana, michirizi inatokea, chunusi zinafumuka, nywele zinaota mashavuni, jeraha dogo linachelewa kupona. Akipaka mwili mzima kwa muda mrefu, dawa inaingia kwenye damu. Zile tezi za juu ya figo zinaona kotisoli ni nyingi, zinalala. Uso unavimba na kuwa mviringo, shinikizo la damu na sukari vinaweza kupanda.

Mtego mbaya zaidi ni siku ya kuacha. Uso unawaka, unachoma, unavimba na kutoa majimaji, hali inayoweza kudumu wiki hata miezi. Mtu anadhani ngozi yake "imekataa" kuacha, anarudia, na nafuu anaipata, kwa muda. Kama umeshatumia kwa miezi mingi, hasa mwili mzima, usiache kimyakimya peke yako. Mwone daktari. Tezi zilizolala zinahitaji muda wa kuamka, na mtu akiugua homa kali au akipata ajali kabla hazijaamka anaweza kuishiwa nguvu ghafla na kuwa hatarini. Mwambie daktari ukweli. Ameshaona wengi, hutakuwa wa kwanza.

Uende wapi?

Anza na zahanati au kituo cha afya, na ununue dawa kwenye duka la dawa lililosajiliwa, siyo kwenye meza ya vipodozi. Tanzania, dawa ziko chini ya TMDA, na vipodozi tangu 2019 viko chini ya TBS. Bidhaa inayouzwa kama kipodozi huku ina klobetasoli ndani imevunja sheria za pande zote mbili. Tatizo likiwa gumu unaweza kupewa rufaa kwa daktari wa ngozi. Moshi, pale KCMC, kuna kituo cha kufundisha magonjwa ya ngozi, RDTC, kilichofunguliwa mwaka 1992, na wahitimu wake wametawanyika katika nchi nyingi za Afrika.

Usisubiri hata siku moja kama ngozi yenye ukurutu imeanza kutoa usaha ukiwa na homa, kama imejaa malengelenge madogo yanayouma, au kama tatizo liko karibu na jicho. Na kama umetumia dawa uliyopewa kwa wiki mbili bila nafuu, rudi. Usipandishe nguvu mwenyewe.

Siku ya kwenda, usioshe wala kupaka kitu sehemu hiyo asubuhi. Chukua tyubu zote ulizowahi kutumia, hata zilizokwisha, hata ile ya kuazima, hata kopo la mkorogo lisilo na jina, uzitie kwenye mfuko na kuziweka mezani mbele ya daktari. Andika pia kwenye karatasi lini ulianza kila moja na ulikuwa unapaka wapi.